Mlangoni, Siku ya Pili ya Uchungu

Katikati ya miaka ya sabini nilijifunza Kigiriki cha Agano Jipya kwa posta, nikiwa mchuuzi wa samaki Kabuta, kijiji cha ziwani. Madaftari yangu yalinuka dagaa. Nilijiona msomi, na nilikera watu kweli kweli.

Somo nililokuwa nimelimaliza lilihusu kan, kiunganishi kifupi kilichobeba "na" pamoja na "ikiwa". Kimo katika ile barua ya Agano Jipya inayowaagiza wazee wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta: hata ikiwa ametenda dhambi, atasamehewa. Huenda alitenda, huenda hakutenda. Wazee wa kanisa letu walilisoma neno hilo kana kwamba dhambi ipo tu, maana ndivyo walivyokuzwa: uchungu ukimshinda mwanamke, ametembea nje ya ndoa, na asipomtaja mwanamume atakufa pamoja na mtoto.

Juma hilo nililomaliza somo, mke wangu alishikwa na uchungu wa mimba yetu ya kwanza. Siku ya pili, jua la utosini, mtoto bado. Jirani alikuwa ameenda Nchelenge kwa baiskeli kumwita mkunga wa kliniki. Wazee walikaa barazani na chupa yao ya mafuta, wakisubiri aungame. Ndani, mama mmoja wa kanisa alimwinamia mke wangu.

"Sema jina ya ule mwanaume," alimwambia. "Mutoto anakataa kutoka sababu ya ile jina."

Mke wangu aliapa kwamba hakuna. Midomo yake ilikuwa imepauka. Nilikuwa mlangoni, mahali ambapo mwanamume hapaswi kusimama, nikiogopa atakufa. Akanitazama.

"Bwana, weye unasoma ile kitabu. Ubaambie bale bazee."

Nilijua la kusema, lakini nikabaki pale mlangoni. Niliogopa kufukuzwa kanisani, hilo ni kweli. Lakini niliogopa zaidi jambo jingine: mimi nilizoea kukaa wiki nzima Chienge nikinunua samaki. Je, kama jina lipo? Nikasubiri nilisikie.

Alipopiga ukelele tena ndipo nilipotoka kwenda barazani kuwaeleza wazee maana ya lile neno, kan. Walibishana, wakanung'unika, mwishowe wakampa yule mama mafuta ampake, wao wakaanza kuomba. Alasiri mkunga akafika, akamgeuza mtoto tumboni. Akazaliwa binti, mzima.

Niliketi kando ya mkeka nikampongeza mke wangu. Hakunishukuru.

"Pale ku mulango," aliuliza taratibu, "ulikuwa unangojea nini?"

Nikasema nilikuwa natafuta maneno. Akageukia ukutani na mtoto wake, akamnyonyesha huko, amenipa mgongo.