Kwa Nini Seva Ilikaa kwa Mwalimu Ilunga

Mwalimu Ilunga alitoka Kasai kuja Beni, mashariki mwa Kongo, kufundisha hesabu. Akakaa miaka kumi na miwili, na bado mtaani aliitwa mgeni. Jambo hilo lilimuuma kuliko jino.

Wakati ule wa vita, habari za nani anapita njia ipi kwenda shamba zilikuwa zinawavujia wenye silaha kutoka kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, walimoandikiana kwa Kinande, lugha ya hapo. Kikulacho ki nguoni mwako, wakasema wazee wa kanisa, na kila mmoja akamtazama jirani yake. Kamate, fundi wa simu, akaleta dawa: seva yao wenyewe, kimashine kisichozidi Biblia, ujumbe wote ulale humo, mtaani mwao. Wakakubali siku hiyohiyo. Kisha wakagombana wiki tatu juu ya nyumba ya kukiweka. Kwa Vagheni, mzee wa kanisa? Maliro akakataa katakata. Kwa Maliro, mzee mwenzake? Vagheni akachukua kofia yake aondoke. Maana Kamate alisema bila kuficha: anayekaa na mashine, akitaka, anasoma yote.

"Tumpatie mwalimu," akasema Mama Orpa, mkuu wa akina mama. "Ule hapana jua Kinande. Atasoma nini?"

Mkutano mzima ukapiga makofi. Ilunga naye akapiga, machozi yakimlengalenga kwa furaha ya kuaminiwa. Shida ilikuwa moja tu: Kinande alikijua, tena chote. Mwaka wa kwanza alinyamaza kwa aibu ya matamshi, na mtu aliyejifanya hasikii miaka kumi na miwili hawezi kuanza kusikia Jumatatu.

Jumamosi asubuhi ukaingia kwenye mashine ujumbe wa Kinande, Ilunga akausoma: watu wenye silaha wameonekana njia ya mashamba. Mama Orpa na wenzake walikuwa wameshatoka, simu wameziacha nyumbani zikichajiwa. Ilunga akatimua mbio na kandambili moja. Alipowaona mbele akawaita kwa Kiswahili. Wakadhani ni salamu za mgeni, wakampungia mkono, wakaendelea. Alijua kitakachofuata kitamgharimu seva. Akafoka kwa Kinande, kilichonyooka kama cha bibi kizee wa kijiji cha Kipese.

Wakashtuka, wakageuka, wakarudi wote salama. Uani mwa kanisa, Ilunga akaweka mashine mbele ya Mama Orpa, kichwa chini.

"Mwalimu, donc, kumbe miaka yote ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia, mama."

"Hata vile nilisema juu ya pantalon yako, suruali hii?"

"Hata ile. Na ile juu ya mke wangu."

Mama Orpa akamsogelea, sauti chini. "Ulimwambia?"

"Hapana."

"Rudisha mashine kwako," akasema. "Mutu mwenye alichunga ile maneno miaka yote, hata bibi yake hapana jua, tutamupata wapi mwingine?"