Wimbo Ambao Dorah Hakuuomba

Baada ya siku ya wazazi shuleni, wifi yangu Dorah alianza kuzunguka kwa juu, kwenye mashamba ya mihogo, ilimradi asipite kwa bibi Pelagia. Nikamwambia, "Wewe, utazunguka mpaka lini? Nenda ukamwombe radhi mama wa watu." Akanijibu, "Wifi, nitaanzaje?" Kisha analia. Watu wanaolia huku wanatembea wananichosha mimi, lakini huyu nilimwonea huruma, maana kosa lake lilitokea kwenye kazi nzuri.

Dorah ni mke wa kaka yangu Enos. Ni Mjita mwenzetu, ila amekulia Bunda mjini, Kijita chake ni cha kusikia tu; akifungua mdomo tunacheka. Alipoolewa huku kwetu ziwani, mbele ya Murangi, akaenda kujitolea kufundisha darasa la awali. Akakuta watoto wanakaa kimya kuanzia asubuhi mpaka kengele. Walimu wengine walikuwa wanasemaga watoto wa wavuvi ni wazito. Dorah akakataa. Aliona kwamba nyumbani kwao ni Kijita kitupu, halafu shuleni wanafundishwa herufi kwa maneno ambayo hawajawahi kuyasikia. Na wakubwa zao, wakishakijua Kiswahili, Kijita wanakionea aibu. Basi Jumamosi akawa anawakusanya kanisani, anawasomesha kwa Kijita kwanza. Vitabu hakuna, akawa anashona vya kwake kwa karatasi za manila na uzi wa nyavu. Anachora samaki kamongo, jina lake chini. Nakwambia walisoma! Mtoto wa jirani yetu Thadeo, anaitwa Clever, aliyekuwa hatoi hata shikamoo, akawa anasoma kila kinachopita mbele yake.

Shida ikawa nyimbo na hadithi. Alizozijua Dorah ziliisha upesi. Tukamwelekeza kwa bibi Pelagia, maana Kijita cha yule mama ni cha zamani, kimenyooka. Bibi hakukataa. Lakini kila Dorah akitoa simu amrekodi, bibi anakaa sawa, anafunga kitambaa vizuri, anaanza Kiswahili cha kanisani: "Bwana asifiwe, mimi naitwa Pelagia." Sisi tulicheka mpaka machozi. Dorah hakucheka, kwa sababu siku ya wazazi ilikuwa imekaribia na wageni walikuwa wanatoka Musoma.

Sasa sikia alichofanya. Asubuhi moja bibi alikuwa ufukweni peke yake, anapindua dagaa wake juani. Dorah akaiwasha simu irekodi, akaiweka ndani ya beseni, akaifunika na khanga, akaliacha beseni karibu na bibi na kujifanya ameenda kunawa miguu. Bibi akaimba. Wimbo mtamu, wa kumwita mtoto: rudi nyumbani, ugali unapoa, mlango sijaufunga. Dorah alipousikiliza akaruka kwa furaha. Mtoto kachelewa kwenye michezo, mama anamwita, si ndiyo? Hakumwuliza mwenyewe. Hakuniuliza hata mimi, ninayeanika dagaa pembeni ya yule mama miaka yote. Akauandika kitabuni, akawafundisha watoto, akawawekea na makofi na kuruka.

Siku ya wazazi bibi Pelagia alikalishwa mbele, kwenye kiti cha wageni. Dorah mwenyewe ndiye aliyemwalika, alitaka kumfurahisha. Watoto wakapanga mstari, wakaanza. Mungu wangu! Maneno ya kwanza tu, nikaujua.

Ule wimbo ni wa Masatu, mtoto wa bibi. Alienda kuvua akiwa kijana mzima. Mtumbwi uliokotwa, yeye hakuonekana. Ukoo ulitaka kukaa msiba, wakate mgomba na kuuzika badala ya mwili, kama wanavyofanyaga wao ziwa likimchukua mtu. Bibi akakataa katakata. Alisema mtu ambaye bado anaitwa hazikwi. Akautunga wimbo wake, akawa anamwita akiwa peke yake na dagaa. Sisi majirani wa ufukweni tulijifanyaga hatusikii.

Na sasa watoto wanaruka, wanapiga makofi, wageni wanatabasamu, wanapiga picha. Bibi akainuka, akajifunga khanga, akaondoka. Dorah akadhani ameenda kujisaidia.

Nilimweleza jioni hiyohiyo. Alikaa chini, kwenye majivu ya jikoni, na gauni lake la sherehe. "Nimemwibia," akasema. "Wifi, nimemwibia mama wa watu kilio chake." Sikumbembeleza. Nilimwambia ndiyo, umemwibia.

Kesho yake akakusanya vitabu vyote, akazichana zile kurasa. Itasaidia nini? Wimbo ulikuwa umeshaingia vinywani. Wakienda kuteka maji wanauimba, wakiruka kamba wanauimba, wakipita kwa bibi ndiyo wanapandisha sauti. Alikuwa amehangaika Kijita kiwakae watoto, na kilichowakaa kuliko vyote ndicho hicho. Akawa anawafukuza. Akawa anawakemea. Siku moja akashika fimbo, akasimama nayo kwenye geti la shule. Clever akamwuliza, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, kwani Kijita kimekatazwa?"

Dorah akaja kwangu, fimbo ameitupa sijui wapi. Nikaacha sufuria motoni, nikamshika mkono. "Leo tunaenda," nikamwambia. "Utalia ukifika."

Tulimkuta bibi mlangoni anachambua dagaa kwenye ungo. Dorah akapiga magoti, akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Mama, nilikuibia. Nilificha simu kwenye beseni. Sikukuomba, sikukuuliza. Watoto nimewakataza, lakini hawasikii, mama, nimeshindwa kuwanyamazisha."

"Usiwakataze," bibi akasema.

Dorah akaangua kilio. Mimi nikashukuru moyoni, nikajua yameisha, tumesamehewa. Bibi akamwinulia mkono anyamaze. Huko chini watoto walikuwa wanashuka ziwani na ndoo zao, wanaimba. Akausikiliza wimbo wote, mpaka mwisho.

"Nilikuwaga namwita peke yangu," akasema. "Nikawa najiambia, Pelagia, sauti yako ni ya kizee, haifiki huko aliko. Sasa wanamwita watoto wa kijiji kizima. Kila siku, na sauti kali hizo. Na haji."

Akaweka ungo chini, akajipangusa magamba kwenye khanga. Halafu akaniangalia mimi.

"Nenda kwa wazee wa ukoo. Waambie wakate mgomba."

Dorah alibaki palepale, magoti chini. Mimi ndiye niliyeenda kuwaita.