Mwanamke Aliyeitwa Mama Nelima

Huku kwetu Witeithie mwanamke akishapata mtoto, jina lake la kuzaliwa linawekwa kando. Mimi nilipewa jina Waithira, lakini tangu binti yangu azaliwe naitwa Mama Cindy, na ukiulizia Waithira hapa barabarani utaambiwa alihama. Jirani yangu Nakhumicha, ambaye kibanda chake cha mandazi kimepakana na meza yangu ya viatu vya mitumba, alikaa hapa miaka mingi akiitwa Nakhumicha tu. Hakujaliwa kuzaa. Kila aliyemwita kwa jina hilo alikuwa anamkumbusha, ingawa hakuna aliyekusudia ubaya.

Alitoka Bungoma akiwa msichana, akachuma kahawa Ruiru mpaka mashamba yakakatwa ploti, kisha akaajiriwa kupika katika makao ya watoto si mbali na hapa. Huko wafanyakazi wote walikuwa maanti: anti wa jikoni, anti wa kufua, anti wa zamu ya usiku. Mtoto aitwaye Nelima aliletwa hajaota meno, na kwa kuwa hakukubali kulala bila kubebwa, Nakhumicha alisonga ugali wa makao yote akiwa naye mgongoni. Wageni walikuwa hawakatiki pale. Walikuja na mikate na kamera, wakaimbiwa wimbo uleule, wakapangusa machozi, wakaenda zao. Sijui kama kuna hata mmoja aliyeingia jikoni.

Nelima alipotimiza miaka kumi na minane wakamfanyia sherehe. Hapo sheria inamhesabu mtu mzima, na makao yale hayakutaka kubishana na sheria hata wiki moja. Palikuwa na maombi, hotuba ndefu ya meneja kuhusu kujitegemea, na keki. Halafu akapewa godoro na ndoo, akaonyeshwa geti. Keki yenyewe aliioka Nakhumicha, akavua aproni, akamfuata msichana nje na kumsaidia kubeba ndoo. Hakurudi tena kazini. Walikuja kuishi kwenye chumba chake cha mabati hapo nyuma ya vibanda, naye akafungua kibanda chake cha chai na mandazi.

Hazikupita siku nyingi, Gachau wa bodaboda, ambaye hunywa chai hapo kila asubuhi, akanyoosha kikombe na kusema, "Mama Nelima, niongezee." Nakhumicha aligeuka kuangalia ni nani anayeitwa. Alipoelewa ni yeye, alimimina chai mpaka ikafurika mezani. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwita vingine, na mimi niliyekaa naye nawaambia hata mwendo wake ulibadilika.

Sasa tuje kwa masomo. Nelima alitaka kujifunza kutengeneza friji. Sijui alilitoa wapi jambo hilo, lakini alikuwa na akili za hesabu na chuo kimoja cha Thika kikampa nafasi. Wa kumlipia ndiye hakuwepo. Basi kule Membley, mtaa wa wenye nazo, kuna kanisa lenye nyasi zilizokatwa vizuri kuliko nywele za vijana wetu, na kanisa hilo lina kamati ya kusomesha vijana waliotoka kwenye makao. Sitaki kuwaonea: kamati hiyo inalipa kweli. Ila inalipa muhula kwa muhula, na kabla ya kila muhula kijana anasimama mbele ya waumini kutoa ushuhuda wa mateso yake. Mwenyekiti ni Wangechi, ambaye hakuna anayethubutu kumwita jina lingine ila Mama Ronny. Ronny mwenyewe alisomea Australia, na hakutakiwa kumsimulia mtu yeyote maisha yake.

Kwanza Mama Ronny hakupendezwa na habari za friji.

"Si ungefanya nursing, my dear. Hata kwa picha inatoka vizuri, ile uniform."

Nelima akasema anapenda friji. Siku ya ushuhuda akashika maikrofoni, akasalimu, akasema alilelewa vizuri, alikula, alisoma, anawashukuru wote, na kwamba nyama na maziwa mengi huharibika nchini kwa kukosa mitambo ya kupoza. Akakaa. Watu walipiga makofi machache. Mama Ronny alimvuta kando, na msichana aliporudi akatusimulia yote huku akicheka.

"Story iko sawa, but imekauka. Haina feeling. Kwani hukuwahi kulala njaa?"

"Hapana. Anti alikuwa anapika."

"Hata siku moja?"

Nelima akafikiri, maana ni mtoto wa kupenda kusaidia. "Kuna siku sufuria ya maharagwe ilimwagika. Tukakula ugali na chumvi."

"Haya, next time anza hapo. Na usiharakishe. Ukiona machozi yanakuja, wachia."

Muhula wa pili akaanza na maharagwe, na machozi hayakuja. Nadhani ndipo Mama Ronny alipoanza kushuku kwamba amepewa yatima wa bandia. Kamati ikaamua kumtembelea, eti wapate kumwombea wakijua anakoishi.

Walikuja siku Nelima yuko chuoni. Gari lilisimama pale steji ya bodaboda, Mama Ronny mbele na Pasta Githae wa kanisa lao kwenye usukani, dirisha likateremshwa kiasi cha kutosha sauti kupita. Wakamuuliza Gachau kama anamjua Nelima, yule msichana asiye na wazazi.

"Asiye na wazazi?" Gachau akacheka. "Hapana, madam. Nelima ako na mum. Si ndiye huyo hapo kwa mandazi. Mama Nelima, umepata wageni."

Na yeye, mikono imejaa unga, akaitika kwa sauti yake yote. Alitabasamu. Jina hilo lilikuwa bado linamfurahisha kila alipolisikia. Mama Ronny akamtazama kutoka skafu hadi ndala, na nikaona uso wake unafunga duka.

Nilikimbia hadi dirishani. "Madam, hilo ni jina la mtaa tu. Ni huyu aliyemlea. Hata mimi hapa naitwa Mama Cindy."

"Na Cindy ni wako?"

"Ni wangu."

"Basi," akasema, na dirisha likapanda.

Mwaka mzima walikuwa wanamtafuta mtu aliyempenda mtoto huyu ili wamsikitikie kwamba hayupo. Walipomkuta yupo, tena anakaanga mandazi, wakakasirika.

Ujumbe ulifika baada ya siku mbili. Kamati inasaidia wasio na mtu, na ikiwa Nelima ana mtu, nafasi apewe mwingine. Pasta Githae, ambaye si mtu mbaya ila anapenda amani kuliko ukweli, akapata njia. Kwa kuwa ushuhuda ulitolewa kanisani, shaka nayo iondolewe kanisani. Huyo mama asimame Jumapili aseme yeye si mama, na msichana aseme hivyohivyo. Muhula utalipwa, na miaka iliyobaki pia.

Nelima aliposikia alitupa begi lake sakafuni.

"Siendi. Wakae na basari yao. Nitakaanga mandazi na wewe."

"Wewe hujui kukaanga mandazi," Nakhumicha akamwambia. "Zako zinanyonya mafuta. Utasoma."

"Mum, wanataka nikukane mbele ya watu."

"Si utasema tu na mdomo? Mdomo si kitu. Okota begi."

Tulienda watatu, nami nikavaa viatu bora kabisa kutoka kwenye meza yangu ili angalau miguu yetu isidharauliwe. Walimwita Nakhumicha mbele kabla ya sadaka. Alishika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Dada, ambia washirika," Mama Ronny akasema. "Wewe ni mama ya huyu mtoto?"

"Bwana asifiwe. Mimi naitwa Nakhumicha. Nilikuwa mpishi pale kwa makao. Huyu sikumzaa. Mimi si mama yake."

Walipiga makofi. Haki ya Mungu, walimpigia makofi, na mimi nilikaa pale natamani kuvua kiatu nimrushie mtu. Kisha maikrofoni ikapewa Nelima.

"Na wewe, mtoto wetu, sema bila kuogopa. Uko na mama?"

Nelima aliangalia kiti cha mbele, alipokuwa amerudi Nakhumicha. Nakhumicha akamkazia macho, yale macho ya jikoni ya kumwambia mtoto amalize chakula chake.

"Sina," Nelima akasema.

Hapo ndipo machozi yalipokuja. Alilia mpaka akashindwa kusema neno la pili. Mama Ronny alimkumbatia, akamgeuza kidogo upande wa kamera ya kanisa, akamnong'oneza sikioni akisahau kwamba maikrofoni inasikia.

"Hiyo sasa. Hiyo ndiyo tulikuwa tunataka."

Vitambaa vilitoka mikobani. Mama mmoja mbele yangu akasema hajawahi kusikia ushuhuda uliomgusa namna hiyo. Pasta Githae akainua mkono na kutangaza kwamba kuanzia leo Nelima si yatima tena, Mama Ronny hapa ndiye mama yake, na wote wakasema amina. Nakhumicha pia alisema amina. Nilimsikia.

Nelima anaendelea na friji zake kule Thika, na karo inalipwa. Nakhumicha alituomba sote wa vibandani tumwite kwa jina lake hadi msichana amalize, isije ikaleta maneno. Tulikubali, na tunajitahidi. Gachau ndiye hujisahau. Juzi jioni alisimamisha pikipiki akapaza sauti, "Mama Nelima, mandazi zimebaki?"

Nakhumicha aliangalia barabara upande wa Juja, kisha upande wa Thika. Hapakuwa na gari la Membley. Ndipo akaitika.