Kapu la Masjala

Karani wa masjala hunywa maji kwa kifuniko cha chupa, kama anayempa kifaranga dawa. Tangu madaktari wampunguze tumbo kwa upasuaji, miezi mitano sasa, hutafuna kipande cha yai mpaka wenzake wamalize kula, wanawe mikono na kuanza kusengenya. "Mzee, hilo yai limekukosea nini?" huuliza mhudumu wa ofisi. Yeye huinua kidole: subiri, bado natafuna. Zamani mafaili yalipanda ghorofa ya tatu kwa kapu na kamba aliyoifunga dirishani, kwa sababu yeye na ngazi walikuwa hawasalimiani. Sasa huzipanda kila asubuhi akizihesabu kwa sauti, na kwenye ya ishirini na nne husimama, akijifanya anasoma tangazo la kuzima moto.

Jumatatu bosi alimhurumia, akataka kumhamishia mapokezi, chini, akakae. "Nipe mpaka Ijumaa," karani alisema. Ijumaa mafaili manane yalifika chini, na mhudumu akalikimbilia kapu. "Liache." Karani aliyakumbatia, akaanza kupanda, bosi nyuma yake akihakikisha. Tangazo alilipita bila kulitazama. Aliingia masjala akihema, akasema, "Arobaini na nane," akayatua mezani, kisha akaifungua ile kamba dirishani na kujifunga kiunoni, maana suruali ilishaanza safari yake ya kushuka. Alipogeuka, bosi hakuwepo. Akachungulia ngazini. "Usiharakishe, bosi," alimwambia kwa upole. "Hilo tangazo mimi mwenyewe nimelisoma miezi mitano."