Nyama ya Milimani

Nina mvi na shahada mbili, lakini harufu ya nyama na karafuu kwenye korido bado huniinamisha kama mwizi.

Nilipokuwa mtoto tuliishi Flemingdon Park, mtaa wa maghorofa ya wahamiaji ughaibuni. Baba alipika kwenye kambi ya mgodi kaskazini, katika milima isiyoota miti, ambako kulungu hufukua theluji kwa kwato wapate ukoga wa miambani wa kula. Nilimwomba aniletee mnyama. Akaleta paja.

“Baba watoto, aliyemchinja alisema Bismillahi?” mama akauliza.

Baba akakohoa. Mama akampa paja jirani yetu, nesi Mkenya, Mkristo.

Jioni harufu ya karafuu ilijaa kwenye korido; nilinyata kwa jirani nikaonje. Nikamkuta baba mezani, mdomo umejaa.

“Funga mlango,” akasema, akanisogezea sahani.

Nyumbani mama alitupakulia wali, akanusa shati la baba.

“Haya, ilikuwa tamu?”

Tuliinamia wali.