Nishani ya Nne ya Mzee Ngumbau

Silas Ngumbau alikuwa mtu mwema, tena mchapakazi, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: babu yake. Ukimkuta kanisani Brooklyn Center kule Minnesota, ukimkuta kazini kwenye nyumba ya wazee kule Maple Grove, ukimkuta kituo cha mafuta meno yakigongana kwa baridi, hutabanduka kabla hujasikia habari za marehemu mzee Ngumbau, askari wa Keya, lile jeshi la kikoloni, aliyevalishwa na Mwingereza nishani nne kifuani. Tatu zilikuwa za vita vikuu vya pili, vile vya kupigana na Mjapani kule Bama. Ya nne ndiyo Silas aliyoipenda kupita zote, kwa kuwa juu ya utepe wake palikuwa na kipande cha chuma kilichoandikwa KENYA.

"Someni wenyewe," angesema, akikisugua kwa kidole gumba. "Hii ni ya kupigania Uhuru!"

Hakuna aliyemuuliza Mwingereza angempaje mtu nishani kwa kumfukuza Mwingereza. Watu wametoka shifti, wamechoka, nani ana nguvu za kuuliza?

Kila sikukuu ya Jamhuri Silas alizivaa, akapanda jukwaani, akahutubia. Hata siku ya mahari kule Murang'a alizivaa. Wazee wa upande wa Mumbi, mkewe, walizitazama, wakatoka nje kidogo, wakarudi wameongeza mbuzi ishirini. Shangazi zake Silas karibu wazimie. Yeye aliona ni heshima: mjukuu wa shujaa, na mahari ya shujaa.

Mwaka huu mzee Alfred, baba yake Mumbi, alikuja kuwaona wajukuu. Kwa miaka minane tangu harusi, mzee huyu alikuwa amemwambia mkwewe maneno yasiyozidi kumi, na jambo hilo lilimkereketa Silas sana. Alijua kwamba baba yake mzee Alfred alifungwa kizuizini miaka sita kwa ajili ya Mau Mau. Basi akaapa: Jamhuri hii, nikisimama na nishani ya Uhuru, lazima mzee anipende.

Akazipeleka kazini zikapangwe vizuri. Pale alikaa Mzee Ian, Mwingereza wa miaka themanini na saba aliyemfuata bintiye Minnesota, zamani askari wa miguu, mwenye kujua nishani kama mama mboga anavyojua sukuma wiki yake. Akazifuta moja moja. Ya nne akaishika, akaigeuza kusoma ukingo wake.

"Ninayo kama hii," akasema. "Tulipewa sisi tuliopelekwa Kenya kuwasaka Mau Mau msituni. Babu yako alikuwa upande wetu."

Jamani! Silas akamnyang'anya ile nishani.

"Labda si yake. Labda aliiokota."

"Hizi za Bama hazina majina. Hii inalo. Tazama ukingoni."

Akatazama. Namba, cheo, Ngumbau mwana wa Kitheka. Hata herufi moja haikukosekana.

"Na wewe yako huivalia wapi?" Silas akauliza kwa unyonge.

"Imo ndani ya soksi," Mzee Ian akajibu. "Tangu niliporudi nyumbani."

Jioni alimweleza Mumbi. Mumbi alicheka, halafu akaacha ghafla. "Wee Silas! Baba akijua, hataingia tena nyumba hii. Zifiche."

Angezificha, kweli. Lakini asubuhi ya sikukuu mzee Alfred aliweka kikombe chini, akamtazama. "Leo utavaa zile chuma, ama?"

Miaka minane ya kimya, na leo ndiyo anauliza hilo! Silas akaitikia, "Ndiyo, baba," akazivaa, kisha akavaa juu yake koti zito la theluji na kufunga zipu hadi kidevuni. Ndani ya ukumbi wa kanisa joto lilikuwa limewashwa kama tanuri. Watu walikuwa na mashati mepesi. Silas akaketi kando ya mkwewe, jasho likimtiririka mpaka kwenye soksi.

"Unaumwa?" mzee akauliza.

"Hapana, baba. Nasikia baridi."

Jukwaani Peris, mshereheshaji, akapaza sauti: "Sasa tumsikie ndugu Silas na shujaa wake!"

"Vua koti," mzee akasema.

"Baba, nisamehe. Sikujua. Hii ya nne…"

"Ni ya msituni. Niliisoma siku ile ya mahari. Ulifikiri wale mbuzi ishirini walitoka wapi?"

"Nilidhani ni heshima."

"Heshima!" Mzee Alfred akacheka mpaka akakohoa. "Tulipotoka nje wengine walisema mtoto wetu haolewi huko. Nikampigia simu baba yangu. Akauliza, kijana anajua amevaa nini? Nikamwambia hajui hata kidogo, anaonyesha watu. Akasema, basi mpeni msichana, ila aongeze ishirini."

"Na wewe ukaninyamazia miaka yote hii?"

"Nilikuwa nangoja uulize. Wewe huulizi, wewe unahutubia." Mzee akajipangusa macho. "Walipofika wale mbuzi, baba alichinja mmoja siku hiyo hiyo. Alikula, meno yenyewe hana. Akasema, 'Miaka sitini namngoja yule askari. Leo ameniletea nyama.' Mwezi uliofuata tukamzika."

Silas akafungua zipu. Mzee akampokea koti, akaunyoosha utepe wa ile nishani ya nne uliokuwa umejikunja kwa jasho na kubanwa.

"Nenda ukawaambie ilikuwa ya nini," akasema. "Na mbuzi usiwasahau."

Silas akapanda jukwaani. Kwa mara ya kwanza tangu aje Amerika hakujua aanzie wapi, na mzee Alfred, amepakata koti mstari wa mbele, ndiye aliyeanza kupiga makofi.