Zamda na Mahali Pake pa Dagaa

Zamda Nyiraneza alikuwa na mahali pake katika soko la Biryogo, mtaa wa Nyamirambo, Kigali, karibu na bomba la maji. Alikaa hapo miaka kumi na minane na beseni lake la dagaa, tangu alipokuja kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na marehemu mumewe. Ukiuliza Nyamirambo nzima dagaa wasio na mchanga wako wapi, mtu hakutajii jina, anakunyooshea kidole tu upande wa bomba. Ni hapo alipomlea binti yake Uwera, mpaka akawa mwari wa kuposwa.

Mwaka wa 1991, mwezi wa sita, alikuja Bizimana, polisi wa komini, ile serikali ya mtaa, kijana mrefu mwenye buti zinazolia akitembea. Akamwambia Zamda asogee. Zamda akauliza asogee kwa nini. Jibu lilikuwa teke. Beseni likapinduka, dagaa wakaingia matopeni, na kabla jua halijapanda, mwanamke wa Bizimana alikuwa amepanga nyanya zake pale pale. Zamda akahamia kando ya mtaro, ambako inzi walimwona mapema kuliko wateja.

Wiki mbili baadaye likaja pigo jingine. Uwera alikuwa amechumbiwa na Gasana, seremala wa Gisozi, na wakwe wakatuma ng'ombe wa mahari, akaswagwa kwa miguu Jumapili mchana. Ng'ombe hakufika. Kijana aliyemswaga alisema wanaume watatu wenye nguo za kiraia walimsimamisha njiani, wakataka karatasi ya ng'ombe, wakaondoka naye. Sura zao hakuzijua. Baba yake Gasana akaanza kusema pembeni kwamba labda ng'ombe alifika, na Zamda amemficha ili aletewe mwingine. Harusi ikasimama.

Kwa ng'ombe, Zamda hakuwa na wa kumshitaki. Kwa mahali pake alikuwa naye. Majirani walimwambia aache, ilikuwa miaka ya vita na mwenye kepi akikutaja vibaya unalala ndani. Zamda akawasikiliza vizuri, akamaliza chai yake, kisha akaenda kuandikiwa barua. Alifukuzwa komini mara mbili. Mara ya tatu barua ikapokewa na burugadiye Munyakazi mwenyewe, mkuu wa wale polisi, mzee wa Ruhengeri mwenye masharubu meupe. Mezani kwake zilikuwepo barua nyingine juu ya Bizimana, zote bila jina. Hii ya Zamda ilikuwa na jina na alama ya dole gumba.

Bizimana akatumiwa wito. Wito haukutaja kosa, ulisema tu aje ajieleze kuhusu mwenendo wake na barua ya Zamda Nyiraneza. Wanasema alitembea siku tatu akitafuta kujua huyo mama anajua nini.

Siku ya kusikilizwa burugumesta, mkuu wa komini, alikaa katikati, washauri wawili kando yake, Munyakazi amesimama na barua. Walisema waongee Kiswahili, maana Kinyarwanda cha Zamda kilikuwa kinachechemea. Kiswahili cha Munyakazi nacho kilikuwa na mguu mmoja. Kwake herufi ile ya "lala" na ile ya "rudi" ni mtoto mmoja, na "pa" hakuijua kabisa.

"Bizimana," akasema, "umeshitakiwa ulichukua mahari ya huyu mama. Siku ile ulikuwa kazini ama hapana?"

Zamda alitaka kumsahihisha, akajizuia. Aliona Bizimana anajipangusa jasho shingoni, na asubuhi hiyo ilikuwa ya baridi.

"Burugadiye, ile siku ilikuwa Dimanshi, Jumapili," Bizimana akasema. "Nilivaa nguo ya kiraia. Ile ng'ombe haikuwa na karatasi, na hata nyama yake sikukula peke yangu. Kama iko makosa, ni ya raia, haiko ya polisi."

Munyakazi akaitazama barua, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Ng'ombe gani?"

Mshauri mmoja akaanza kukohoa, na hakikuwa kikohozi bali kicheko. Zamda akasimama polepole, akajifunga kitenge vizuri.

"Ng'ombe wa binti yangu, wazee," akasema. "Mimi nilikuja kwa ajili ya mahali, pale ninapouzia dagaa. Huyu bwana amenisaidia kwa lingine."

Bizimana alipoulizwa sasa habari za sokoni, akageuza mambo. Pale, alisema, alikuwa kazini, ametumwa kupanga soko. Munyakazi akafungua kitabu cha zamu. Asubuhi ile Bizimana aliandikiwa lango la zahanati. Alitoroka zamu yake, akaenda kumtafutia mwanamke wake pa kukaa.

Alijaribu tena kusema Jumapili ni siku yake mwenyewe. Burugumesta akamjibu kwamba ng'ombe hana siku yake ya kuliwa, na polisi hana siku yake ya kuwa mwizi. Akaamriwa alete mtamba badala ya yule aliyeliwa, na karatasi ya kumfukuza ikapelekwa kwa prefe, mkuu wa mkoa, siku ile ile.

Iliporudi na muhuri, Munyakazi alimwita Zamda akaone kwa macho yake. Bizimana aliweka mezani kepi, mkanda, filimbi na fimbo, kimoja kimoja. Mwisho akaambiwa avue na buti, ni za komini. Akatoka kwa miguu mitupu mbele ya watu waliofuata vyeti vya kuzaliwa.

Baba yake Gasana alikuja mwenyewe kwa Zamda, kofia mkononi, akaanza hotuba ndefu. Zamda akamkatiza. "Baba mkwe, mahari ilifika Kigali. Ilikosea tumbo tu. Sema siku ya harusi."

Kesho yake alfajiri alienda sokoni. Pale penye bomba palikuwa wazi, nyanya zimeondolewa, pamefagiwa, na wenzake walikuwa wamemwekea gunia jipya chini. Mmoja akapiga kigelegele, soko zima likampokea. Zamda akatua beseni, akakaa, akanyoosha miguu yote miwili.

"Haya," akasema, "nani anaanza?"